Sura ya Saba: Kompyuta Yako Inabanwa Wapi?

Kompyuta nyingi za mezani zinazochezewa gemu mjini Songea hazikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Zilianza maisha maofisini Ulaya, zikiandika barua na kutunza hesabu, kisha zikauzwa kwa jumla, zikapakiwa kwenye makontena na kushushwa Dar es Salaam. Ni zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ambazo kila fundi wa mjini amezifungua. Zinanunuliwa Kariakoo, zinapakiwa kwenye buti la basi, na baada ya safari ya zaidi ya kilomita 900 zinashushwa Songea na kwenda kuwekwa chumbani Mfaranyaki, Bombambili au Lizaboni. Mwenyewe anaweka PES 2017 na GTA V. Wiki ya kwanza ni furaha. Baadaye picha zinaanza kukatakata, mchezaji anaganda mbele ya goli, gari linapita katikati ya jengo ambalo bado halijachorwa.

Anapeleka malalamiko kwa mtu anayeaminika kuwa anazijua kompyuta, na jibu analopewa ni lile lile: "Weka kadi, kaka." Fedha inatumwa Dar, kadi ya picha inakuja na basi la usiku, inachomekwa, na gemu linaganda vile vile.

Jibu hilo linaniumiza, kwa sababu linatolewa kabla mashine haijapimwa. Kijana wa Songea hana duka la pili mtaa wa jirani ambako angerudisha kadi kesho yake na kubadilishiwa. Kosa lake moja la ununuzi linaweza kumaliza akiba ya miezi mingi. Ndiyo maana sura hii inatumia muda mrefu kwenye kupima na muda mfupi kwenye kununua.

Msimu wa mavuno malori ya mahindi hupanga foleni kwenye maghala ya nafaka ya NFRA hapa mjini. Ukileta malori kumi zaidi na mizani ikabaki moja, umerefusha foleni tu. Kompyuta nayo iko hivyo: kasi yake yote inaamuliwa na sehemu moja iliyozidiwa. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mmoja wa wasanifu wakuu wa kompyuta za IBM System/360, alilieleza jambo hili kwa hesabu alipokuwa akizungumzia mashine zenye prosesa nyingi. Kama kazi moja inakula nusu ya muda wote, hata ukiifanya nusu ile nyingine imalizike papo hapo, jumla ya kasi haiwezi kuzidi mara mbili. Hesabu hiyo ndiyo inayohukumu kila shilingi utakayoitia kwenye mashine yako.

Sasa tuone kazi yenyewe inavyokwenda. Gemu ni mfululizo wa picha, na kila picha inaitwa fremu. Prosesa ndiyo inayopanga: mpira uko wapi, beki anakimbilia upande gani, mwamuzi ameona au hakuona, kisha inaandika maagizo ya uchoraji. Kadi ya picha inapokea maagizo hayo na kuchora. Wakati kadi inachora fremu hii, prosesa iko tayari kwenye fremu inayofuata. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila mmoja anapaswa kumaliza sehemu yake ndani ya milisekunde 16.7. Tuseme kadi inachora kwa milisekunde 10 lakini prosesa inahitaji 25. Utapata fremu 40 kwa sekunde, basi. Nunua kadi yenye nguvu maradufu, inayochora kwa milisekunde 5, na bado utapata fremu 40, kwa kuwa kadi mpya itamaliza mapema na kukaa ikisubiri.

Kupima hakuhitaji vifaa vya gharama. Windows 10 na 11 zina Task Manager, inayofunguka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na tangu maboresho ya mwishoni mwa 2017 inaonyesha hata kazi ya kadi ya picha. Ongeza MSI Afterburner, ambayo inaandika namba juu ya gemu lenyewe wakati unacheza, na HWiNFO kwa ajili ya joto. Zote ni za bure. Cheza dakika 20 kwenye sehemu ile ile inayokusumbua, si kwenye menyu, kisha soma.

Kadi ikiwa inafanya kazi kati ya asilimia 95 na 100 muda wote, kadi ndiyo iliyozidiwa, na kwa kweli hiyo ndiyo hali njema kwa kompyuta ya gemu. Kadi ikiwa kwenye asilimia 55 huku fremu ziko chini, inasubiri kitu. Hapo wengi wanaangalia prosesa, wanaona asilimia 40, na kuamua kwamba prosesa ni nzima. Wanadanganyika. Prosesa kama Core i5-4590 ya mwaka 2014, inayopatikana kwa wingi kwenye OptiPlex 9020, ina viini vinne. Kiini kimoja kikifanya kazi hadi mwisho wa nguvu zake na vitatu vikilala, jumla inasomeka asilimia 25. Magemu mengi, hasa ya zamani, hutegemea sana kiini kimoja. Euro Truck Simulator 2 linajulikana kwa hilo. Kwa hiyo bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mchoro wa prosesa na uchague kuona kila kiini peke yake. Ukiona kimoja kimegota juu na hakishuki, umempata mhusika.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji programu yoyote. Ingia kwenye mipangilio ya gemu na ushushe ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya pikseli za kuchora, lakini prosesa hujaipunguzia chochote, maana idadi ya wachezaji na magari ni ile ile. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa inabana. Zikibaki pale pale, usinunue kadi.

Kabla ya kwenda mbali, geuza kompyuta na uangalie waya wa monita umechomekwa wapi. Kama kadi ipo na waya umechomekwa kwenye tundu la madabodi, huenda kadi yako imekaa bure tangu siku ilipowekwa. Hamisha waya.

Angalia pia aina ya tatizo, kwa sababu wastani wa fremu unaficha mengi. Sekunde moja yenye fremu 60 inaweza kuwa na fremu 59 zilizopita katika nusu ya kwanza na moja iliyoganda nusu nzima ya pili. Namba inasema 60, jicho linasema imekwama. Gemu likiwa zito muda wote, mashaka yaanzie kwenye kadi au prosesa. Likiwa jepesi kisha linashtuka ghafla kila unapoingia eneo jipya, mashaka yaanzie kwenye ramu na diski. Na ndipo penye unafuu kwa mwenye mfuko mdogo, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kompyuta za mtumba mara nyingi huuzwa zikiwa na kijiti kimoja cha ramu. Muuzaji anatangaza "GB 8" na ni kweli, ila ni kijiti kimoja. Prosesa hizi zina njia mbili za kuzungumza na ramu, na kijiti kimoja kinaacha moja bila kazi. Ramu ya DDR3 ya kasi ya 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde kwenye njia moja. Kwenye njia mbili ni 25.6. Kama huna kadi ya picha na unacheza kwa ile iliyomo ndani ya prosesa, kama HD 4600 ya i5-4590, basi mchoraji hana ramu yake mwenyewe. Anatumia hiyo hiyo ya mashine. Kijiti cha pili kinachofanana na cha kwanza, kikichomekwa kwenye tundu la njia ya pili, kinampa mchoraji huyo upana mara mbili. Programu ya CPU-Z itakuonyesha kama njia ni moja au mbili, na kasi gani. Kwa mashine isiyo na kadi, hili ndilo rekebisho la kwanza, na sijui jingine linalolipa zaidi kwa bei yake. GTA V ilipotoka kwenye kompyuta Aprili 2015, watengenezaji wake walipendekeza ramu ya GB 8. Ukiwa na 4 tu, Windows inalazimika kuhamishia vitu kwenye diski katikati ya mchezo, na kila kuhama ni mgando mmoja.

Diski yenyewe ni habari nyingine. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inahitaji wastani wa milisekunde 4 za kusubiri sahani ifike mahali pake, ukiacha muda wa kichwa kusogea. Ukijumlisha, kila kipande cha data kilichokaa mbali na kingine kinagharimu zaidi ya milisekunde 10, na kwa sekunde nzima diski inaweza kufikia vipande mia moja hivi. SSD, hata ya kawaida ya SATA, inafikia maelfu. Ukiona kwenye Task Manager kwamba diski imegota asilimia 100 kila gemu linaposhtuka, SSD ni dawa. Haitakuongezea fremu za wastani. Itaondoa migando na kuharakisha kufunguka kwa kila kitu, Windows ikiwemo. Usitupe diski ya zamani. Iache itunze filamu na picha, na gemu unalocheza sasa likae kwenye SSD.

Sasa vumbi. Mwenye kompyuta Songea anajua udongo mwekundu wa kiangazi unavyoingia kila mahali, na mitaa isiyo na lami ndiyo mingi. Kompyuta inayowekwa sakafuni inavuta vumbi hilo mwaka mzima na kulishindilia kati ya mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachoipooza prosesa. Prosesa nyingi za Intel zinapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Dalili yake ni ya pekee: gemu linakwenda vizuri mwanzoni, kisha baada ya robo saa linaanza kulegea, na ukiiacha mashine ipoe linarudi kuwa zuri. HWiNFO itathibitisha. Ikiwa i5-4590 yako, ambayo kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.3, inasomeka chini ya hapo wakati gemu linaendelea na joto limegusa mwisho, huna tatizo la prosesa. Una tatizo la usafi.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili mabaki ya umeme yaishe. Itoe nje. Tumia brashi laini na blowa, huku kidole kikiwa kimeshika feni isizunguke, kwa kuwa feni inayozungushwa kwa upepo mkali huharibika. Kisha vua hitisinki, futa pesti kavu iliyokaa tangu kiwandani kwa kitambaa na spiriti, na weka tone jipya dogo katikati ya prosesa. Kazi hii ni ya asubuhi moja, na mafundi wengi wa mjini wanaiweza.

Hapa Songea ina bahati ambayo wachezaji wa Dar hawana. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake inajulikana. Chumba chenye nyuzi 18 badala ya 30 kinaipa prosesa nafuu ya takriban nyuzi 12 hizo hizo, bila feni mpya. Mashine iliyosafishwa vizuri hapa haina sababu ya kuchemka.

Umeme ndio unaowachanganya wengi, na kwa mji huu una historia yake. Kwa miaka mingi Songea iliendeshwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walianza kuzalisha megawati 5 kwenye maporomoko ya Tulila, mto Ruvuma, na kuuza umeme huo kwa TANESCO. Mwaka 2018 ndipo gridi ya taifa ilipofika kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Mambo yalibadilika sana, lakini kukatika na kuyumba kwa umeme hakujaisha, na kompyuta inayozimika katikati ya gemu inaweza kuwa inaonewa na nje au na ndani. Namna ya kutofautisha ni hii: taa za nyumba zikififia wakati ule ule, tatizo liko nje, na UPS itakusaidia kufunga gemu salama. Taa zikibaki vile vile na mashine ikazimika au kujiwasha upya kila mara gemu linapokuwa zito, angalia pawa saplai.

OptiPlex 9020 ile kubwa ina pawa saplai ya wati 290, na ile nyembamba wati 255. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa hadi wati 75. Kwa hiyo kadi inayofaa humo ni ile isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 nyingi za mwaka 2019, zote za GB 4. Kadi kubwa inahitaji pawa saplai nyingine, na hapo Dell wamekuwekea kikwazo: kichomeo chao kwenye madabodi hiyo kina pini 8, si 24 kama za kawaida, hivyo utahitaji waya wa kubadilishia. Mashine nyembamba nazo zinataka kadi fupi. Pima kwa rula kabla ya kuagiza.

Tumefika kwenye kadi baada ya mengine yote, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Kama vipimo vyote vimeisema kadi, nunua kadi, ila fahamu mitego miwili. Wa kwanza ni kadi bandia. Zipo kadi za zamani sana, kama GTS 450 ya mwaka 2010, zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini. GPU-Z haiamini: tangu 2018 programu hiyo inazitambua nyingi na kuziandikia waziwazi kwamba ni bandia. Mwombe muuzaji picha ya GPU-Z ikiwa imefunguliwa kwenye kadi yenyewe kabla hujatuma pesa. Asiyekubali, mwache.

Mtego wa pili ni kadi halali isiyoendana na mashine. RX 6400 ya AMD, ya mwaka 2022, ni fupi, haihitaji waya, na inaonekana imeumbwa kwa ajili ya mashine nyembamba. Lakini inazungumza na madabodi kwa njia nne tu, zilizokusudiwa tundu la PCIe la kizazi cha nne. Tundu la OptiPlex 9020 ni la PCIe ya kizazi cha tatu, ambacho upana wa kila njia ni nusu. Gemu likijaza GB 4 za kadi na kuanza kuazima ramu ya mashine, nusu hiyo inaonekana kwa macho. Kwa mashine za umri huu ningechagua GTX 1650.

Je, prosesa ikiwa ndiyo inayobana? Hapa uchaguzi ni mfinyu. Soketi ya LGA1150, iliyomo kwenye mashine hizi, haipokei prosesa mpya. Unachoweza ni kutafuta Core i7-4790 ya mtumba, yenye viini vinne lakini nyuzi za kazi (threads) nane, na kupunguza kwenye gemu yale yanayoibebesha prosesa: wingi wa watu mitaani, umbali wa kuona, vivuli vya mbali. Vijana wengi hushusha ubora wa sura za vitu, ambao ni mzigo wa kadi, kisha wanashangaa fremu hazijaongezeka.

Kila ukiondoa kikwazo kimoja, kingine kinajitokeza. Ukiweka kadi, prosesa inazidiwa; ukiweka prosesa, monita inakuwa mwisho. Monita nyingi za ofisini zinaonyesha picha 60 kwa sekunde na haziwezi zaidi. Ukishafika fremu 60 zilizotulia kwenye monita kama hiyo, weka kikomo cha 60 kwenye gemu, mashine ipoe, umeme wa LUKU ubaki, na uache kununua.

Na kama fremu ziko 60 zimetulia lakini wapinzani wako mtandaoni wanarukaruka, hilo si la vifaa. Kutoka Songea hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 7,000, na mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama mkongo ungenyooka kama rula, nao haunyooki. Chagua seva za Johannesburg pale gemu linaporuhusu. Hakuna kadi ya picha inayofupisha safari hiyo.

Mwisho, suala la kiasi gani utie kwenye mashine ya namna hii. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kuendelea, isipokuwa chache. Prosesa za OptiPlex 9020 ni za kizazi cha nne. Gemu kama Valorant, kwenye Windows 11, linadai pia moduli ya usalama ya TPM 2.0. Kwa mashine hiyo ningetoa pesa ya kijiti cha pili cha ramu, SSD, pesti mpya na, vipimo vikisema hivyo, kadi ya mtumba ambayo naweza kuihamishia kwenye mashine nyingine baadaye. Zaidi ya hapo, hifadhi fedha mpaka upate mashine ya kizazi cha nane.